Kando ya Shimo: Historia ya Kuwajua Buibui wa Milango

Buibui wa milango ni buibui wanaochimba shimo ardhini, wakalitandika hariri ndani, kisha wakalifunga kwa kifuniko chenye bawaba. Kifuniko hufumwa kwa hariri na udongo, na juu yake hupachikwa vipande vya majani, kuvumwani au mchanga wa papo hapo, hata mtu anaweza kupita juu yake kila siku asijue kuna mwenyeji chini. Wanapatikana katika mabara yote yenye joto au majira ya joto ya kutosha: kusini mwa Ulaya, Afrika, Asia, Australia na Amerika zote mbili.

Wengi wao ni wa kundi la Mygalomorphae, ambamo tarantula nao wamo. Chonge za kundi hili hushuka pamoja kutoka juu kwenda chini, zikiwa sambamba, ilhali za buibui wa kawaida wa majumbani hukutana kutoka pande mbili. Tumboni wana jozi mbili za mapafu, pale ambapo buibui wengi wengine wamebakiwa na moja. Kati ya spishi zaidi ya 50,000 za buibui zilizokwisha kupewa majina duniani, Mygalomorphae ni zaidi ya 3,000, na si wote wanaojenga milango. Wanaojenga nao si ukoo mmoja. Wamo katika familia za Ctenizidae, Halonoproctidae, Idiopidae, Migidae, Actinopodidae, Nemesiidae, Barychelidae na nyinginezo. Hata baadhi ya Lycosidae, ambao ni wa tawi jingine kabisa la buibui, wana milango yao. Ufundi huu umezuka mara kadhaa, mahali mbalimbali, kwa sababu shimo lililofungwa huzuia jua, mafuriko na adui kwa wakati mmoja.

Mwenye shimo la kudumu ni jike. Usiku huja chini ya mlango, akauinua kidogo na kuweka miguu ya mbele ukingoni, akisikiliza mtikiso wa ardhi. Chungu, mende au panzi akipita karibu, mlango hufunguka, buibui huchomoka, humkamata na kurudi naye ndani. Mara nyingi miguu ya nyuma haijaachia ukingo wa shimo. Windo lote huchukua muda mfupi sana. Wakati wa kujivua ngozi, wa kiangazi kikali au wa kulea mayai, huushona mlango kwa hariri na kubaki ndani. Dume huishi shimoni mwake hadi apevuke, kisha huliacha, na mvua zikianza huzunguka akitafuta majike, na hafiki msimu mwingine. Watoto hukaa na mama kwa miezi, kisha hutoka na kuchimba mashimo yao membamba, wengi wao hatua chache tu kutoka pale walipozaliwa.

Tabia hiyo ya kutohama ndiyo iliyoamua namna viumbe hawa walivyokuja kujulikana. Anayekusanya vielelezo hupata buibui aliyekufa, asiye na shimo wala mlango, na kwa hiyo asiye na habari. Habari zao za maana zimetoka kwa watu wachache walioketi kando ya shimo na kurudi tena.

Picha ya kiota cha buibui wa aina hii ilichapishwa mwaka 1756 katika kitabu cha daktari Patrick Browne kuhusu kisiwa cha Jamaica. Lakini maelezo ya kwanza yenye uhai ndani yake ni ya padri Mfaransa, Pierre Augustin Boissier de Sauvages, aliyeishi kusini mwa Ufaransa na kuandika vilevile kuhusu ufugaji wa viwavi wa hariri na kamusi ya lugha ya Languedoc. Karibu na Montpellier, kwenye miteremko mikavu isiyo na nyasi, alikuta vifuniko vya duara vilivyolingana na ardhi. Alichomeka pini chini ya kimoja ili akiinue, akashangaa kuhisi kinavutwa kutoka ndani. Alipochungulia kwenye upenyo alimwona buibui amelala chali, miguu mingine imeng'ang'ania kuta za shimo na mingine imeshika hariri ya mlango. Wakavutana hivyo, mlango ukifunguka na kufungwa, mpaka buibui aliposhindwa na kukimbilia chini. Sauvages aliona pia kwamba akimtoa nje kwenye mwanga, mnyama yuleyule aliyekuwa akishindana naye huzubaa kama aliyepigwa na baridi.

Mtaalamu wa hariri alikuwa mtu sahihi wa kuona jambo hili. Alitambua kwamba bawaba ni hariri tupu iliyokazwa, na kwamba iko upande wa juu wa mteremko, kwa hiyo mlango hujifunga wenyewe kwa uzito wake. Mwaka 1788 Pietro Rossi wa Pisa alimpa buibui mmoja wa Corsica jina la padri huyo, na leo anaitwa Cteniza sauvagesi. Yule wa Montpellier alipewa jina na Pierre André Latreille mwaka 1799. Sasa ni Nemesia caementaria.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye chupa za pombe. Kwa miaka 70 hivi wataalamu wa Ulaya walipokea buibui kutoka kwa mabaharia, maofisa wa makoloni na wauza vielelezo, wakahesabu macho na miiba ya miguu, wakatoa majina. Kazi hiyo ilihitajika, na baadhi ya matunda yake ni makubwa. Mwaka 1841 Nicholas Marcellus Hentz, Mfaransa aliyehamia Marekani na kuwa mwalimu wa shule, alieleza buibui wa kusini mwa nchi hiyo ambaye tumbo lake limekatika ghafla nyuma na kuishia kwenye duara gumu lenye mifereji. Leo yumo katika jenasi ya Cyclocosmia. Akifukuzwa huingia shimoni kichwa mbele, na pale shimo linapokuwa jembamba duara lile huziba pasi na nafasi: adui hukuta ukuta mgumu usio na pa kushika. Ndugu zake wa China na kusini-mashariki mwa Asia wana duara lenye michoro kama muhuri uliochongwa.

Mwaka 1849 mtaalamu wa Denmark, J. C. Schiødte, alieleza buibui wa kisiwa cha Penang aliyemwita Liphistius desultor. Tumbo lake lina mabamba ya pingili kwa pingili mgongoni, na viungo vya kusokota hariri viko katikati ya tumbo, si mwishoni. Umuhimu wake ulieleweka sawasawa mwaka 1892, pale Reginald Innes Pocock wa makumbusho ya London alipowagawa buibui wote upya. Liphistius na jamaa zake akawaweka peke yao upande mmoja, katika kundi la Mesothelae. Buibui wengine wote duniani akawaweka upande wa pili, na humo akatenga Mygalomorphae. Mgawanyo huo ungali unatumika. Visukuku vya zama za makaa ya mawe, vya miaka milioni 300 hivi iliyopita, vina tumbo la pingili kama la Liphistius. Jamaa hawa wa zamani kuliko wote waliobaki hai wanaishi China, Japani na kusini-mashariki mwa Asia, nao pia hufunga mashimo yao kwa milango. Katika mapango ya Batu, karibu na Kuala Lumpur, spishi iliyoelezwa na H. C. Abraham mwaka 1923 hujenga nyumba yake juu ya mwamba, na kutoka ukingoni mwa mlango hutandaza nyuzi chache za hariri zilizonyooka. Mdudu akigusa uzi mmoja, mwenyeji aliye gizani hujua upande wa kuchomokea.

Aliyerudisha macho kwenye shimo ni kijana mgonjwa wa kifua. John Traherne Moggridge alizaliwa mwaka 1842 katika familia ya wanasayansi wa Wales, na kwa sababu ya afya yake alikuwa akikimbia baridi ya Uingereza kila mwaka na kukaa Menton, mji wa pwani ya Ufaransa karibu na mpaka wa Italia. Alianza kwa kuchora maua ya huko. Kisha akageukia kingo za bustani na kuta za matuta ya mizeituni, ambako alikuta chungu wanaobeba nafaka na buibui wanaojifungia. Kitabu chake kuhusu viumbe hao wawili kilitoka London mwaka 1873. Upande wa chungu kilimaliza ubishi wa siku nyingi, maana wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa hawaamini tena yale yaliyosemwa katika Mithali za Suleimani, kwamba chungu huweka akiba. Moggridge alichimba na kuonyesha ghala zenyewe.

Upande wa buibui alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa: aliyapanga mashimo kama wengine walivyokuwa wakiwapanga wanyama. Aliona milango ya aina mbili. Mmoja ni mnene, una kingo zilizochongwa kwa mshazari, na huingia katika mdomo wa shimo kama kizibo katika chupa. Mwingine ni mwembamba, karibu hariri tupu, na hulala tu juu ya mdomo. Wenye mlango mwembamba alikuta wamejiongezea kinga ya pili: baadhi yao, kama Nemesia eleanora, wana mlango mwingine ndani, sentimita kadhaa chini, na baadhi wana tawi la pembeni ambalo mlango wa ndani unaweza kulifunga, adui akaendelea kushuka katika shimo lisilo na mtu. Aliyejenga mlango hafifu nje, alisema, ndiye aliyehitaji hila ndani. Alipopasua milango minene alikuta tabaka za hariri na udongo zilizopangana, ya juu ndogo kuliko zote na ya chini kubwa kuliko zote. Buibui huyo hakuwa na kawaida ya kubomoa na kujenga upya. Kadiri alivyokua aliongeza tabaka pana zaidi kwa chini, na mlango ukawa na kumbukumbu ya umri wake.

Jaribio lake linalotajwa zaidi ni dogo. Alitafuta mlango uliofichwa katikati ya kuvumwani, yale majani mafupi ya kijani yanayotambaa juu ya udongo wenye unyevu. Aliung'oa, kisha akakwangua kuvumwani yote pande zote hadi udongo ukabaki mtupu. Siku chache baadaye mlango mpya ulikuwapo, na buibui alikuwa ameufunika kwa kuvumwani aliyoifuata mbali na hapo. Sasa kile kilichokuwa maficho kikawa alama: kiraka cha kijani katikati ya udongo wa kahawia, kinachoonekana toka mbali. Moggridge hakucheka wala hakumsifu mnyama. Aliandika tu kilichotokea, na ushahidi huo ukatumika miaka mingi katika mjadala wa silika na akili za wanyama. Mara nyingi maelezo makavu hudumu kuliko mahubiri.

Vielelezo vyake alivipeleka kwa Octavius Pickard-Cambridge, kasisi wa kijiji kimoja cha Dorset aliyekuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa buibui wa zama zake, naye ndiye aliyewapa majina. Nyongeza ya kitabu ilitoka mwaka 1874. Novemba ya mwaka huohuo Moggridge alifariki Menton, akiwa na miaka 32. Mwaka 1875 Pickard-Cambridge aliipa jina la rafiki yake jenasi mpya iliyotoka kusini mwa Afrika: Moggridgea. Marehemu hakuwahi kumwona buibui huyo, na hakuna aliyedhani wakati ule kwamba jina hilo lingerudi katika hoja kubwa zaidi karne moja na nusu baadaye.

Nchini Marekani, George Francis Atkinson wa North Carolina alichapisha mwaka 1886 maelezo ya spishi mpya na tabia zao. Kutokana na kazi kama yake ujenzi wa mlango ulijulikana hatua kwa hatua. Buibui huchimba kwa chonge na kwa miiba mifupi minene iliyo juu ya taya zake, reki aliyozaliwa nayo, inayoonekana kwa wachimbaji wengi na kukosekana kwa wale wanaojenga juu ya magome. Udongo huuviringa kuwa donge na kulitupa nje. Shimo likishakuwa na kina, hupaka kuta mate na udongo, kisha hariri. Mlango huanza kama utando juu ya mdomo. Huongezewa udongo uliolowanishwa, hukandamizwa, hupakwa hariri tena, na mwishoni ukingo hukatwa kuuzunguka isipokuwa pale penye bawaba. Picha nzuri za kazi hii zilipigwa na Lee Passmore wa San Diego, aliyepasua ardhi ubavuni mwa mashimo ya buibui wa California ili kamera ione ndani. Jarida la National Geographic lilizichapisha mwaka 1933.

Afrika Kusini ilipata wataalamu wakazi mapema kuliko nchi nyingine za bara hili. William Frederick Purcell alianza kazi katika makumbusho ya Cape Town mwaka 1896 na kuandika kuhusu buibui wa milango mwanzoni mwa karne ya 20. John Hewitt, aliyeongoza makumbusho ya Albany mjini Grahamstown kuanzia mwaka 1910, aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Kwa kuwa waliishi huko, waliandika kuhusu mashimo pamoja na wanyama. Katika nyanda kavu za Karoo anaishi Stasimopus, mweusi, mnene, mwenye mlango mzito unaoziba kwa kubana, na ambaye hapatikani nje ya kusini mwa Afrika. Galeosoma, wa familia ya Idiopidae, ana ngao ngumu nyuma ya tumbo, hila ileile ya Cyclocosmia iliyozuka mbali naye bila kuazimana. Moggridgea wengi wameacha ardhi: hujenga kifuko cha hariri juu ya gome la mti au kwenye ufa wa mwamba, wakakivika vipande vya gome na kuvumwani, na kukitia mlango mdogo. Mtu anayeegemea mti huo haoni kitu. Mwaka 1997 ulianza mradi wa taifa wa kuorodhesha buibui wote wa Afrika Kusini, na mwaka 2002 Ansie Dippenaar-Schoeman alitoa mwongozo wa kuwatambua tarantula na buibui wa milango wa ukanda huo.

Afrika Mashariki ilipitiwa na misafara. Yngve Sjöstedt wa Sweden alikusanya wanyama Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walifuata mwaka 1911 na 1912. Buibui walifungwa, wakasafirishwa, wakaelezwa Stockholm na Paris. Heligmomerus jeanneli, wa familia ya Idiopidae, alipewa jina na Lucien Berland mwaka 1914 kutokana na msafara huo wa pili. Maelezo ya aina hii yana vipimo vya miguu na mpangilio wa macho. Shimo, mlango na majirani wa shimo havimo, maana msafara unaobeba mahema haukai mahali hadi mvua zije.

Kinyume kabisa cha msafara ni kazi ya Barbara York Main. Alizaliwa mwaka 1929 na kukulia katika shamba la ngano karibu na Tammin, Australia Magharibi, na mwaka 1956 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya zoolojia katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Eneo la ngano lilikuwa limefyekwa. Katika wilaya nyingi zaidi ya asilimia 90 ya uoto wa asili ilikuwa imekwisha kuondolewa, na vichaka vilibaki kama visiwa katikati ya mashamba. Mwaka 1974 Main alianza kuweka alama kwenye mashimo ya spishi iitwayo Gaius villosus katika kipande kimoja cha msitu mfupi, hifadhi ya North Bungulla. Kila shimo lilipata kigingi na namba yake. Kazi iliyofuata haikuwa na chombo chochote cha ajabu: kurudi, kuinua mlango taratibu, kuangalia kama mwenyeji yupo, kuandika, kuongeza vigingi kwa watoto wapya.

Baada ya miaka kumi daftari lilianza kusema mambo ambayo hayawezi kuonekana kwa miaka miwili. Jike huchukua miaka mingi kupevuka. Akishapevuka huendelea kujivua ngozi na kuishi, tofauti na buibui wengi wa majumbani. Haondoki katika shimo alilolichimba utotoni, hulipanua tu. Shimo la aliyekufa halichukuliwi na mwingine, kwa hiyo namba ya kigingi ni namba ya mtu mmoja, ikiruhusiwa kusema hivyo. Na jike mkubwa akivunjiwa shimo, kwa kawaida hawezi kuanza upya.

Miongoni mwa waliowekewa alama mwaka wa kwanza alikuwamo mtoto aliyepewa namba 16. Mwaka hadi mwaka Main alirudi akamkuta. Rekodi ya umri iliyojulikana ilikuwa ya tarantula wa Mexico aliyeishi miaka 28. Namba 16 alimpita akiwa porini, pasipo wa kumlisha. Afya ya Main ilipodhoofika, kazi ilipokewa na mtafiti kijana, Leanda Mason. Tarehe 31 Oktoba 2016 Mason alikuta mlango wa namba 16 umetobolewa katikati na shimo likianza kuharibika. Tundu la namna ile huachwa na nyigu, ambaye huingia, humpooza buibui kwa kumchoma, na kumtagia yai ili kiluwiluwi kimle akiwa hai. Namba 16 alikuwa na miaka 43. Taarifa ya Mason na wenzake, Main akiwa mmoja wao, ilichapishwa mwaka 2018, na magazeti ya dunia nzima yakaichukua kama kioja. Kioja kilikuwa kidogo kuliko jambo lenyewe: mtu mmoja alikuwa ameamua kuhesabu buibui walewale kwa zaidi ya miaka 40. Main alifariki mwaka 2019.

Wakati huohuo maabara za vinasaba zilianza kutikisa orodha za zamani. Robert Raven wa Queensland alikuwa amepanga upya Mygalomorphae wote mwaka 1985 kwa kulinganisha maumbile. Ulinganisho wa vinasaba ulionyesha kwamba maumbile ya wachimbaji hudanganya, kwani maisha ya shimoni huwafinyanga buibui wa koo mbalimbali wakafanana. Mwaka 2018 Cyclocosmia, Ummidia na wenzao waliondolewa katika Ctenizidae na kuwekwa katika familia ya Halonoproctidae. Ctenizidae, ambayo zamani ilikuwa kapu la kila mwenye mlango, imebaki na jenasi chache za eneo la Mediterania. Huko Marekani, mtafiti Jason Bond na wenzake walitambua spishi kwa makumi. Kwa kuwa watoto wengi huhama kwa miguu, bonde moja linaweza kuwa na spishi yake na bonde la pili yake. Mwaka 2012 jenasi ya Aptostichus pekee iliongezewa spishi 33, mmoja wao akipewa jina la Barack Obama. Ummidia ni tofauti kidogo: watoto wao hupanda juu, huachia uzi na kuchukuliwa na upepo, na jenasi yao imeenea pande zote mbili za Atlantiki.

Hapo ndipo Moggridgea aliporudi. Katika kisiwa cha Kangaroo, kusini mwa Australia, anaishi Moggridgea rainbowi kwenye kingo za udongo karibu na bahari, ilhali jamaa zake wote wa karibu wako Afrika. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba wametengana tangu bara kuu la kale, Gondwana, lilipopasuka. Mwaka 2017 Sophie Harrison na wenzake walichapisha hesabu za vinasaba zilizoonyesha kwamba alitengana na ndugu zake wa Afrika Kusini kati ya miaka milioni 2 na 16 iliyopita, wakati Afrika na Australia zilikuwa zimekwisha kuwa mbalimbali kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na kabla mwanadamu hajasafiri baharini. Njia iliyobaki ni maji: mababu walivuka Bahari ya Hindi, kilomita 10,000 hivi, pengine ndani ya bonge la ardhi na mimea lililong'olewa na mafuriko. Kifuko cha hariri chenye mlango unaobana, na mwili unaostahimili njaa kwa miezi, vinaifanya safari hiyo iaminike. Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Moggridgea nesiota, aliyeelezwa na Charles Griswold mwaka 1987, anaishi Komoro, visiwa vya volkano vilivyoinuka kutoka sakafu ya bahari na ambavyo havijawahi kuungana na bara lolote. Mababu zake nao hawakuwa na njia ya nchi kavu.

Mnyama anayeweza kuvuka bahari mara moja katika mamilioni ya miaka hawezi kuvuka shamba la ngano. Huko Australia Magharibi, Idiosoma nigrum, mwenye ngao mgongoni na anayepanga vijiti kuzunguka mdomo wa shimo lake ili mguso wa mawindo umfikie, yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini wanaolindwa na sheria, kwa sababu vichaka vyake vimekatika vipande na watoto hawana pa kwenda. Kinachomlinda ni ardhi isiyolimwa. Afrika Mashariki bado inategemea majina yaliyotolewa Ulaya zaidi ya karne iliyopita kutokana na vielelezo vichache. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina wanafunzi wa zoolojia, na kingo za barabara za vumbi zenye mashimo haziko mbali na madarasa yao. Gharama ya kuanza ni vigingi, daftari na chuo kitakachokubali kwamba jibu litapatikana baada ya miaka 20.